Bei ya Ofisi

3 Februari

Mdogo wangu,

Kabla hujauliza: Mama hajambo. Goti tu linamsumbua akipanda kibaraza, na hata hilo nadhani analitumia zaidi ya linavyomuuma, maana tangu alitaje, wajukuu wanampelekea chai kitandani. Wifi yako anakusalimu. Anasema kile kitambaa ulichomletea kimeshakuwa sketi mbili za watoto, na moja imeshachanika, hivyo ukija tena usije mikono mitupu. Watoto wote watatu wanakwenda shule. Mimi niko na tanuri langu, alfajiri nimejaa unga, jioni nimejaa moshi.

Sasa jambo lenyewe. Tangazo la bei halijafika. Miaka yote, mwezi wa kwanza ukiisha, bahasha ya ofisi yenu ya bei huwa iko mkononi mwangu, na ndani yake karatasi moja: mkate wa kawaida, uzito huu, bei hii. Naibandika juu ya dirisha la kuuzia na mambo yamekwisha. Mwaka huu ukutani bado kuna karatasi ya mwaka jana, imeanza kuwa ya njano. Redioni wanasema bei zimeachwa huru, kila mtu auze atakavyo. Mtu akiniambia nioke nitakavyo, naelewa. Kuuza nitakavyo ndiyo kufanyaje?

Kwa hiyo nauza sarafu tatu kama ilivyoandikwa. Tatizo ni kwamba gunia la unga halikusoma hiyo karatasi. Limepanda zaidi ya mara mbili. Kuni zimepanda, hamira imepanda, mafuta ya taa ndiyo usiseme. Jambo la ajabu ni kwamba maduka yamejaa. Sukari ambayo tulikuwa tunaipangia foleni tangu alfajiri, sasa imerundikwa hadi kwenye dari, na hakuna foleni kwa sababu hakuna wa kuinunua. Juzi Mama alivaa nguo nzuri akaenda dukani. Nilipomuuliza anakwenda kununua nini, alisema anakwenda kuitazama sukari tu, ana miaka hajaiona kwa wingi namna hiyo. Alirudi ameridhika.

Wewe ndiye unayepiga chapa zile karatasi. Hebu angalia mezani kwako, huenda yangu imeangukia nyuma ya droo. Na ofisini wanasemaje? Mkubwa wako hajambo?

Kaka yako

19 Februari

Kaka,

Barua yako imenifikia siku nina njaa ya kucheka, nimecheka. Mpe Mama pole ya goti na umwambie mimi naliamini, hata kama wewe huliamini. Wifi mwambie kitambaa nimekisikia.

Mimi ni mzima. Mwenye nyumba wangu naye ana redio. Alipanda ngazi mwenyewe, mzee wa watu anahema, akaniambia kodi imeachwa huru. Nimemwambia na mimi ningependa kuachwa huru, hakucheka. Sasa nyama nimeiaga kwa muda, na safari zangu nyingi nazifanya kwa miguu. Nimekuwa na miguu mizuri sana, hungeamini.

Kuhusu bei, redio imesema kweli. Hakuna bahasha itakayokuja, si mwaka huu wala mwakani. Chukua gharama zako zote, unga, kuni, hamira, chumvi, kodi ya banda, ugawanye kwa idadi ya mikate, uongeze kidogo cha kuwalisha watoto. Hiyo ndiyo bei. Iandike ukutani. Ni hivyo tu, na usiendelee na tatu hata siku moja, utajimaliza.

Usishangae mwandiko wa mkono, mashine ya chapa ina matatizo. Nisalimie wote, mmoja mmoja.

Dada yako

8 Machi

Mdogo wangu,

Nimekuomba bei, umenipa somo la hesabu. Na swali langu la ofisini umeliruka kama dimbwi. Sawa, huenda ni siri za kazi.

Nikueleze yaliyotokea, na usinigombeze mpaka mwisho. Niliendelea na tatu. Kwanza niliona kama nimependwa. Watu walikuja mpaka kutoka ng'ambo ya soko, watu nisiowajua wananiita ndugu yangu, mwokaji bora. Kabla jua halijawa kali mikate yote imekwisha. Wifi yako alinitazama tu huku ameshika kiuno. Siku ya kumi hivi alinishika mkono akanipeleka hadi kona ya barabara, na pale nikamwona mmoja wa hao ndugu zangu, ameipanga mikate yangu juu ya gunia, anaiuza sita. Na alinisalimia vizuri tu.

Juzi unga ulikwisha na pesa ya gunia lingine haikutimia. Tanuri limelala baridi siku mbili. Sijawahi kuona majivu ya baridi mle ndani tangu alipokufa Baba. Nyumbani chai haina sukari, mafuta ya kupikia yanapimwa kwa kijiko cha chai, na sabuni wifi yako anaikata kwa uzi, vipande vyembamba hata mwanga unapenya. Hanifokei. Afadhali angenifokea.

Najua kugawanya. Kinachonishinda ni kingine, na nitakuambia wewe tu. Zamani bei ikipanda, watu walikuja dirishani kulalamika na mimi nililalamika pamoja nao. Tulinyosha kidole ukutani, tukaitukana karatasi kwa adabu, kisha wakanunua. Nilikuwa muuzaji na bado nilikuwa jirani. Leo nikiandika bei yangu, wakinyosha kidole kitanifikia mimi. Na anayekuja wa kwanza kila asubuhi ni Bi Mkuu, aliyetufundisha hesabu wote wawili. Pensheni yake ni ile ile ya siku ile alipostaafu. Mkate mmoja anaula siku mbili. Nimwambie nini yule? Kwamba mimi, mwanafunzi wake, ndiye niliyeamua ale siku tatu?

Nipe bei, mdogo wangu. Wewe ni mtu wa ofisi. Ikitoka kwako imetoka juu, na mimi nitaweza kuisema.

Kaka yako

15 Machi

Kaka,

Salamu kwa Mama, wifi na watoto. Nimesoma habari ya majivu ya baridi mara mbili na usingizi umenikataa.

Mkate uwe saba. Nimepiga hesabu kwa gunia la unga la kiwandani kwa bei ya sasa, kuni, hamira, chumvi, kodi ya banda, na chakula cha watu sita. Usimuuzie mtu mmoja mikate kumi. Fungu la kwanza kabisa la pesa utakayopata ni la gunia lijalo, usimpe mtu, hata wifi, hata mimi.

Wakiuliza, waambie imetoka kwa dada yako wa ofisi ya bei.

Uwashe tanuri.

Dada yako

30 Aprili

Mdogo wangu,

Mama anatembea bila fimbo. Mtoto wa kati ameng'oka meno mawili kwa wiki moja na amekuwa na tabasamu la mzee. Wifi yako anasema Mungu akuzidishie, na hayo aliyasema kabla ya mambo ninayotaka kukueleza hapa chini.

Nilichukua ubao, nikauandika kwa chaki kwa herufi kubwa: BEI YA OFISI, SABA. Nikauning'iniza pale pale pa karatasi. Watu walikuja, wakasoma, wakalalamika. Na mimi nikalalamika! Nilisema hata mimi sielewi hawa watu wa ofisi wanawaza nini, samahani lakini ilibidi nikuseme kidogo. Walinunua. Tanuri likawaka, gunia likanunuliwa, na nikaleta nusu kilo ya sukari, Mama akaipokea kwa mikono miwili. Kwa wiki tatu nilikuwa mtu mwenye raha.

Kisha akatokea Mama Pipa. Ni mama mmoja mjane, amehamia nyumba inayotazamana na yangu. Amekata pipa la mafuta katikati, amelijenga kwa udongo, anaoka humo. Mkate wake chini umeungua kidogo na umeinama upande, lakini ni sarafu tano. Watu wanavuka barabara. Wengine wananipungia mkono huku wanavuka.

Wifi yako ananiambia nishuke. Nimemwambia bei ya serikali haichezewi, si kwenda juu, si kwenda chini. Unamkumbuka yule mwokaji wa karibu na posta, alishusha senti kidogo tu, wakaguzi wakasema lazima unga ameuiba, akafungiwa duka. Siwezi kuhatarisha watoto. Kwa hiyo mikate inabaki na tunaila sisi. Tunakula mkate asubuhi, mchana na jioni. Mtoto mkubwa aliniuliza jana, kwa heshima kabisa, kama anaweza kulala na njaa.

Na liko moja limeniuma. Bi Mkuu alikuja, akaniomba nimkatie nusu. Nilishika kisu. Kisha nikakumbuka kuwa ofisi haikutoa bei ya nusu, nikakiweka chini. Nilimweleza taratibu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akafunga kikapu chake, akavuka barabara. Hajarudi.

Nakuomba uzungumze na mkubwa wako. Mweleze hali ya huku. Atoe ruhusa tushuke mpaka tano, au hata sita, na atoe bei ya nusu mkate. Andika haraka, nangoja.

Kaka yako

11 Mei

Kaka yangu,

Leo nitaanza na jambo lenyewe, salamu utanisamehe.

Sina mkubwa wa kuzungumza naye. Ofisi ya bei ilifungwa tarehe ishirini Desemba, kabla hata hujaniandikia ile barua ya kwanza. Tulirudisha funguo, tukapewa chai na biskuti, mkubwa akasoma hotuba fupi, na mashine yangu ya chapa ikabebwa kwenye mkokoteni pamoja na viti. Haikuwa na matatizo yoyote. Mwenye matatizo ni mimi.

Ile saba niliipanga mwenyewe, nimekaa kitandani, miguu kwenye beseni la maji ya moto kwa sababu nilikuwa nimetembea kutwa nzima kutafuta kazi. Hakuna serikali ndani ya saba yako. Hakuna mkaguzi. Unaweza kuuza tano, unaweza kuuza nne na nusu, unaweza kumkatia Bi Mkuu robo na kumfungia kwenye karatasi, na hakuna mtu duniani atakayekuja kukuuliza. Niliposoma habari ya kile kisu nililia, kaka. Nilikupa namba ili uwashe tanuri, na wewe ukaigeuza sheria.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu Mama husimama sokoni akawaambia watu kwamba binti yake ndiye anayepanga bei za nchi nzima. Nilikuwa napiga chapa tu, lakini sikuwahi kumsahihisha, nililipenda lile neno. Kisha nikaamka siku moja sipangi hata kodi ya chumba changu. Nilitaka kwanza nipate kazi ndiyo niwaambie. Kazi nimeipata tangu mwezi uliopita, na bado mdomo ukawa mzito.

Sasa niko kwenye ghala la nafaka. Nasimama kwenye mizani, napima magunia, naandika stakabadhi. Mshahara ni mdogo kuliko wa ofisini, lakini chakula cha mchana kipo, na wapakizi wananiita Mama Mizani, wananitania na mimi nawatania. Sijawahi kucheka kazini namna hii. Ofisini tulikuwa tunakohoa tu.

Na kwa sababu niko kwenye mizani, sikiliza. Hesabu yangu niliifanya kwa unga wa kiwandani, ambao ndio ghali kuliko wote. Wakati ule hapakuwa na mwingine. Sasa wafanyabiashara wengi wamenunua malori, wanagombania wateja, na kila wiki naona bei ya gunia inashuka kidogo. Lori la unga la bosi wangu linapita barabara yenu kila Jumatano. Msimamishe dereva, mwambie wewe ni kaka yake Mama Mizani. Mama Pipa naye lazima ananunua huko huko, ndiyo maana anaweza tano. Wewe una tanuri la Baba na mikono ya Baba. Ukipata unga kwa bei hiyo, huna sababu ya kumwogopa pipa.

Ila bei, kaka, sitakupa tena. Nisamehe. Mama mwambie wewe, mimi siwezi.

Dada yako

9 Juni

Kaka,

Mwezi umepita na hujajibu. Kila Jumatano namuuliza dereva, anasema mwokaji ananunua magunia mawili, analipa, anasema asante, hasemi zaidi. Kwa hiyo najua u hai na unaoka. Umenikasirikia. Una haki. Lakini unikasirikie kwa maandishi, kimya chako kinanitisha.

Nawasalimu wote, kama salamu zangu bado zinapokelewa.

Dada yako

2 Julai

Mdogo wangu,

Salamu zako zimepokelewa, na Mama amesema uache upuuzi.

Wiki ya kwanza nilikuwa na hasira. Sikukukasirikia kwa sababu ya kazi; kazi mtu yeyote hupoteza. Nilikasirika kwamba ulikula mkate mkavu peke yako miezi yote ile huku unanichekesha kwa habari za miguu mizuri. Wiki ya pili hasira ikanigeukia, nikaona haya. Baada ya hapo nilikosa nafasi. Tanuri linawaka mara mbili kwa siku, mdogo wangu, na mkono unaokanda hauwezi kuandika.

Mama nilimwambia wakati anakunywa chai. Akaniuliza ofisi ilifungwa lini hasa. Nikamwambia Desemba. Akahesabu kwa vidole akasema, kumbe ndiyo maana sukari ilirudi Januari, mlikuwa mmeikalia. Alicheka mpaka chai ikamwagika. Sasa sokoni anawaambia watu binti yake ndiye anayepima nafaka ya nchi nzima. Usimsahihishe na hilo pia.

Maisha bado ghali, sikufichi. Mafuta ya taa yanatuumiza na daftari za shule zimekuwa kama vitabu vya dini, zinafunguliwa kwa heshima. Lakini chai ina sukari asubuhi, sabuni haikatwi tena kwa uzi, na wifi yako ameanza kunifokea, kwa hiyo najua hali inarudi. Unga wa lori ni mzuri. Mama Pipa nilimvukia mwenyewe kumsalimia. Nimemwonyesha jinsi ya kuinua trei kwa matofali ili mkate usiungue chini, naye kanionyesha wanakouza pumba za mbao za kuchanganya na kuni. Wifi yako anasema nimemfundisha adui. Huenda ni kweli.

Sasa nikueleze la jana, ambalo ndilo limenikalisha niandike.

Ule ubao nilikuwa nimeufuta kwa kitambaa kibichi siku ile ile niliposoma barua yako. Lakini sikuandika kitu. Mteja akiuliza bei nilikuwa nasema sita huku natazama pembeni, kwa sauti ya mtu anayekohoa. Anayeelewa anaelewa. Wengi walilipa, nikawa nashukuru kwamba hakuna anayeuliza zaidi.

Jana alfajiri nainua kichwa, namwona Bi Mkuu amesimama dirishani na kikapu chake. Miezi miwili hajafika. Aliutazama ubao mtupu, akanitazama mimi.

"Mkate bei gani siku hizi?"

"Sita."

"Nani amepanga?"

Mkono wangu ulishanyanyuka kuonyesha ukuta, mdogo wangu, kwa mazoea tu. Ubaoni hapakuwa na kitu. Nikaushusha.

"Mimi, Bi Mkuu."

Alinitazama vile vile alivyokuwa akinitazama nimesimama ubaoni na chaki, jibu sijui kama nimepata. Nilingoja anigombeze, na nilijiambia akinigombeza nitasimama hapa hapa, sitamtaja mtu. Yeye akaweka kikapu juu ya dirisha.

"Kama ni wewe," alisema, "basi nipunguzie."

Nimeuza mkate kwenye dirisha lile tangu sina ndevu, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno hilo. Wangeniambiaje? Bei haikuwa yangu, ningepunguza nini? Nilijikuta nacheka peke yangu kama mjinga, na Bi Mkuu naye, ambaye meno yake sikuwahi kuyaona tangu darasa la kwanza, alikuwa anacheka.

Nikampunguzia.

Kaka yako